Viporo vya Mfongo na Mechi ya Himo

Vijana wangu, nikishuka mjini siku hizi nikakutana na mmoja wenu mnaoongoza ligi yetu ya wilaya, hunipa shikamoo ya heshima kabisa, hunishika mkono, na kabla hajauachia huuliza: eti Mzee Prosper, ni wewe uliyeishusha Mfongo? Nimejibu mara nyingi nikiwa nimesimama juani, na kila mara nimejibu nusu. Nusu nyingine imebaki mdomoni. Ngoja nijaribu kwa kalamu, ingawa kalamu na mimi tuliachana darasa la saba, na tangu hapo tumekuwa tukikutana kwenye ripoti za mchezo tu. Nikikosea, na nitakosea, wapo waliokuwepo. Waulizeni na wao.

Kwa msiokuwepo, timu zilikuwa mbili. Mfongo FC ni ya Mwika, huko juu migombani, vijana wa familia za kahawa, na jina lao ni la mfereji unaoteremsha maji mashambani. Randa FC ni ya Majengo, kule mjini, ilianzishwa na maseremala waliochoka kushangilia timu za watu wengine. Kwa kanuni zetu, timu inayomaliza ya mwisho hushuka daraja. Msimu wa korona haukumalizika. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia, na sisi watu wa kamati tulitakiwa kumtaja wa mwisho katika kitu kisicho na mwisho.

Na jambo jingine, nilitaje mapema lisije likaonekana nimelificha: mimi ni mtu wa Mwika. Mwenyekiti wa Mfongo, Florian, ni mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja.

Siku za kazi nilikuwa fundi baiskeli. Mwisho wa wiki nilikuwa kamisaa wa mchezo, yule mtu anayekaa mezani pembeni ya uwanja, hapulizi filimbi, hachezi, lakini kukitokea ugomvi wote wanamkumbuka. Kazi hiyo nilifundishwa na Mzee Hamisi wa Majengo, Mungu amrehemu. Alinifundisha kukagua nyavu kwa kupitisha ngumi, maana kipa hujua tundu lilipo, na akinyamaza ana sababu yake. Alinifundisha nisichukue jibu la swali lolote kutoka kwa mtu aliyeshika jiwe. Na alinifundisha kwamba kamisaa hali chakula cha timu kabla ya mchezo.

Hili la mwisho kwa mjini ni rahisi. Huko juu ni matata. Ukifika Mwika kama mgeni ukakataa mtori, umeitukana nyumba nzima mpaka na mgomba uliotoa ndizi. Mzee Hamisi alikuwa na dawa yake: alisema amefunga. Mwezi wowote, amefunga. Watu walimheshimu, wakamwekea chakula chake mpaka filimbi ya mwisho, akala na kusifu. Nami nikaona nijaribu dawa hiyo. Nikamwambia mama mmoja mpishi kwamba nimefunga. Akaniangalia, akaniuliza kwa utaratibu kama Roma wameongeza Kwaresima nyingine, kwa sababu jana yake aliniona kwenye kipaimara nikimaliza sahani ya pili. Tangu siku hiyo nilikuwa nabeba ndizi mbivu mfukoni, nakula njiani, nikifika nasema ukweli kwamba nimeshiba.

Uwanja wa Mfongo nao uelezeni vizuri kwa wageni wenu. Umelala kufuata mlima. Kuna goli la juu na goli la chini, na huko watu hawasemi kipindi cha kwanza na cha pili, wanasema kipindi cha kupanda na kipindi cha kushuka. Nahodha mgeni akishinda shilingi huchagua kushuka kwanza, afunge mabao ya haraka. Wenyeji hufurahi. Wanajua kwamba kipindi cha pili mgeni atapanda akiwa amechoka, na mpira ukipotea utamkuta kwenye kahawa anahema. Sijui ni haki au si haki. Nilipouliza kama uwanja unaweza kusawazishwa, Florian aliniuliza kama mlima nao nimeuandikia barua.

Sasa viporo. Nyote mnajua kiporo cha chakula, wali wa jana unaopashwa asubuhi. Mechi iliyoahirishwa tunaiita vivyo hivyo. Katika kazi yangu yote nilisikia watu wakilitamka neno hilo bila kulifikiria. Msimu ule ndio nilipoona watu wazima wanataka kushikana mashati kwa ajili yake.

Ilikuwa hivi. Ratiba ya mwaka ule ilipangwa kwa kompyuta, mara ya kwanza. Zamani tuliipanga kwa vizibo vya soda mezani: kimoja hakihami, vingine vinazunguka, kila mzunguko ni wiki moja. Kijana aliyetupangia kwa kompyuta alifanya kazi safi kuliko vizibo vyetu, hakuna timu iliyogongana, hakuna aliyesafiri mara tatu mfululizo. Sote tuliipitia, sote tukaisifu. Ila mechi za nyumbani za Mfongo ziliangukia karibu na masika, na mwaka ule mvua haikungoja masika. Ule utelezi wa huko juu mnaujua. Gari la timu moja halikupanda, gari la timu nyingine halikupanda, mwamuzi mmoja alipanda kwa miguu akafika na kiatu kimoja. Mechi tatu zikaahirishwa. Mfongo wakawa na viporo vitatu. Kabla havijachezwa, ikaja korona, mikusanyiko ikazuiwa, mipira ikafungiwa.

Ruhusa iliporudi, mkoa ulitaka majina: nani anapanda, nani anashuka, na siku za kujibu zilikuwa chache. Anayepanda hakuwa na utata, alikuwa amewaacha wenzake mbali. Utata ulikuwa mkiani. Randa walikuwa wamecheza mechi kumi na sita, wana pointi kumi na tano. Mfongo mechi kumi na tatu, pointi kumi na tatu. Ukisoma msimamo kama ulivyo, Mfongo ni wa mwisho. Ukigawa pointi kwa mechi, Mfongo wana pointi moja kamili kwa kila mchezo, Randa haifiki moja, kwa hiyo Randa ndio wa mwisho. Karatasi ni ileile, macho ndiyo mawili. Na kanuni zetu zilikuwa kimya. Zilisema timu ikichelewa uwanjani ifanywe nini, timu ikileta mchezaji bila leseni ifanywe nini. Dunia ikisimama, hazikusema.

Tuliitana kwenye chumba cha shule, madirisha wazi, kila mtu dawati lake. Kamati ilikuwa ya watu watatu: Mwalimu Ndosi, mwenyekiti wetu, Mama Rehema, aliyekuwa mwamuzi kabla magoti hayajamstaafisha, na mimi. Wenyeviti wa timu zote mbili tuliwaita waseme yao.

Nilianza mimi. Nikasema nina ndugu hapa, nina kwetu hapa, naomba nikae pembeni. Mwalimu Ndosi akasema wazo hilo ni zuri, ila yeye anaamini wastani na Mama Rehema anaamini msimamo kama ulivyo, wameshabishana tangu juzi, na mimi nikitoka watabaki wawili wa kuvutana mpaka mkoa uchoke na kurusha shilingi. Basi nikawauliza wenyeviti kama wanakubali nipige kura.

Mzee Shabani wa Randa, seremala mwenye penseli sikioni hata akiwa na koti, alicheka. Akasema ananijua, nikipewa mizani nitapima mpaka nijipunje mwenyewe, nikae. Florian akasema na yeye anakubali nikae. Kisha akaongeza kwa Kichagga, polepole, nikae lakini nisisahau ni ardhi gani nimekalia. Mama Rehema akauliza amesema nini. Nikamtafsiria neno kwa neno, na Florian akaniangalia kama mtu aliyeibiwa.

Halafu wakaanza. Nitaandika walivyosema wote wawili, maana kila mmoja alikuwa na haki, na hicho ndicho kilichonitesa.

Mzee Shabani alisema hivi: "Wastani ni nini, jamani? Mimi nikipima mbao tatu, mtu aniambie na ya nne ina urefu uleule, niikate bila kuiona? Hizo mechi tatu Mfongo hawajazicheza. Mnawapa pointi za mbao zisizopimwa."

Florian akasema, "Hatujacheza kwa sababu wageni hawakuja. Kiporo ni chakula changu, kiko jikoni kwangu. Mmefunga jiko nyinyi, halafu mnaniambia sina chakula."

"Kiporo kikilala sana kinachacha, mdogo wangu," Mzee Shabani akamjibu.

"Kikichacha, anayekula ni mimi. Wewe tumbo lako linauma nini?"

Tulicheka sote, hata Mwalimu Ndosi. Lakini Florian alipoacha kucheka alisema jambo ambalo sikulitegemea kwake, kwa sababu ni mtu wa mizaha. Alisema Randa wakishuka, watakuwa bado wako mjini, vijana watapita jioni kutoka kazini watacheza. Mfongo wakishuka, hakuna gari litakalopanda tena kuja kucheza nao, mfadhili wa jezi ataondoka, na vijana waliokuwa wanabaki Mwika kwa sababu ya Jumapili moja ya mpira watakosa sababu. Uwanja utapandwa maharage. Mzee Shabani hakumbishia hilo. Alisema tu kwamba na yeye ana vijana, na wa kwake pia mama zao wanawatazama.

Wakatoka nje. Tukabaki watatu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mnaponiuliza. Moyoni mwangu niliamini wastani. Si kwamba niliupenda kwa sababu ya Mfongo. Nadhani haikuwa kwa sababu hiyo. Nilijiuliza sana na sikuweza kuhakikisha. Niliona kwamba mtu asiyepewa nafasi ya kucheza asihesabiwe kama aliyeshindwa. Lakini nikiinua mkono kwa wastani, timu ya kwetu, ya mdogo wangu, inapona kwa kura yangu, na Majengo hawatauamini tena mpira wa wilaya hii. Nikiinua kwa msimamo, naishusha timu ya kwetu kwa jambo nisiloliamini, ili tu nionekane mwema. Haki gani hiyo, ya kumwonea ndugu ili majirani wakusifu?

Nikasema, wacheze. Mechi moja, uwanja huru, atakayefungwa anashuka. Mwalimu Ndosi alifikiri, akasema kanuni hazikatazi. Mama Rehema akasema angalau atakayeshuka atashushwa na miguu, si na kalamu. Tukakubaliana wote watatu. Kwa hiyo, nani aliishusha Mfongo? Jibu la nusu ninalowapa juani ndilo hilo: tulikubaliana wote watatu. Nusu ya pili ni kwamba wazo lilikuwa langu.

Kutafuta uwanja ilikuwa kazi nyingine. Tulichagua Himo, kwa kuwa mtu wa Mwika anashuka na mtu wa Majengo anakuja, wanakutana njia panda. Majengo wakasema Himo ni sebuleni kwa Mwika. Mwika wakasema Himo ni jiko, joto tupu, vijana wao wamezoea ukungu. Ijumaa haikuwezekana kwa swala, Jumapili haikuwezekana kwa misa, ikawa Jumamosi. Wote wawili walinung'unika sawasawa, na Mzee Hamisi aliniambia zamani kwamba manung'uniko yakilingana, ratiba ni nzuri.

Nilivyofika Himo siku hiyo nikaanza kukagua kadi za wachezaji, kazi niliyoifanya miaka na miaka. Nikapanga za Randa mezani, wote wapo. Nikapanga za Mfongo, nikaona mapengo. Beki wao mrefu wa kati hayupo. Yule mshambuliaji wa kushoto hayupo. Nikamuuliza Florian. Akanijibu bila kuniangalia kwamba mpira uliposimama vijana hawakusimama. Mmoja alikwenda Dar kuuza dukani kwa mjomba, mwingine alipata kazi kwenye mashamba ya miwa na siku hiyo yuko zamu. Mfongo iliyokuwa na viporo vitatu haikuwa Mfongo iliyoshuka kwenye gari asubuhi ile. Randa waliishi mtaa mmoja, walirudi walewale. Hilo sikuliona nilipokuwa kwenye dawati langu. Ukipasha chakula cha jana, ni chakula cha jana. Mechi ya jana ukiicheza leo, wachezaji wamebadilika.

Lakini mechi ikachezwa, na niseme haki, ilichezwa vizuri. Mfongo walitangulia kwa kichwa cha kona. Randa wakasawazisha jua likiwa limekaa utosini na vijana wa juu wakiwa wanamwagiana maji kila mpira ukitoka. Mwamuzi hakukosea jambo lolote kubwa, niliandika hivyo kwenye ripoti na ningeandika hivyo tena. Ikaenda penalti. Kipa wa Randa, fundi wa vitanda, akapangua mbili. Maseremala wakaingia uwanjani na nyundo zao wakizigonga, ko ko ko, ndiyo ngoma yao.

Mfongo wakashuka.

Nilikwenda kwa Florian nimpe mkono, kama kamisaa anavyowapa mkono viongozi wote wawili. Alikuwa amesimama na vijana wake wamemzunguka, wengine wamekaa chini wamefunika uso kwa jezi. Hakuutoa mkono wake. Akasema kwa Kiswahili, safari hii kwa sauti, ili nisipate kazi ya kutafsiri: "Umeuza kwenu, kaka. Umeuza kwenu upate sifa mjini."

Vijana wake walisikia. Watu wa Majengo walisikia. Nikarudi mezani kujaza ripoti, na kwenye nafasi ya matukio mengineyo nikaandika hakuna. Kwa kanuni, maneno yale kwa kamisaa yana adhabu. Niliona hakumwambia kamisaa, alimwambia kaka yake.

Tangu siku hiyo hatukuzungumza. Mkutano wa kamati ukiitishwa, alimtuma katibu wake. Msiba ukitokea tunakaa viti vya mbali. Kihamba chake na changu, yaani shamba la nyumbani, vimepakana, urithi wa baba mmoja, na katikati kuna mstari wa masale, yale majani marefu ya kijani tunayopanda kuwa mpaka. Wenzangu wa pwani na kwingineko msiojua: kwetu sale ni zaidi ya mpaka. Mtu aliyekosana na mwenzake akichuma jani lake akamletea, ameomba radhi, na aliyeletewa hawezi kukataa. Hata ugomvi wa damu ulipatanishwa hivyo, wazee walisema.

Desemba ikafika. Wachagga wote wanapanda nyumbani, magari yanapangana barabarani, kila kijiji kina moshi wa nyama. Nilikuwa nimekaa uani, najiuliza jambo moja tu: niende na jani? Mke wangu alisema niende, mimi ndiye mkubwa, sikukuu isipite. Lakini nikawaza, nikichuma jani kwa ajili ya mechi ya Himo nitakuwa nimesema mechi ile ilikuwa kosa. Na kama ilikuwa kosa, basi Randa wamebaki juu kwa kosa, ilhali wale maseremala hawakumwonea mtu. Nitaombaje radhi kwa Florian kwa mdomo uleule utakaomwambia Mzee Shabani alishinda kihalali? Mke wangu akasema mimi hata mbinguni nitataka kuona kanuni. Akaingia ndani.

Nikiwa bado pale nikasikia majani yanasukumwa kwenye mpaka. Florian akatokea upande wangu, koti la sikukuu, viatu vina tope. Mkononi ana jani la sale.

Nikasimama. Alinipa shikamoo, nami nikaitikia. Akashika jani kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, na nikaona limekunjwa vizuri, si la haraka haraka.

"Kaka, hili ni la maneno," akasema. "Niliyoyasema Himo mbele ya watoto. Hukuuza. Najua hukuuza, hujawahi kuuza hata tairi bovu bila kumwonyesha mtu tundu. Naomba radhi."

Nilitaka kusema, akanizuia kwa kichwa.

"La mechi sikuleta, na wewe usiniletee. Bado naona ulikosea. Ulikuwa na kura, ungeinua mkono kwa wastani. Ungekuwa sahihi na wangekusema. Kwani kusemwa ni nini?"

Nikalipokea jani. Kwetu halikataliwi. Mke wangu akawa ameshaweka kiti bila kuitwa, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ikaja kwenye kibuyu, na Florian akakaa, akajifuta tope la kiatu kwa kijiti.

Nilimwambia aanze mwanzo, mechi kumi na tatu pointi kumi na tatu, anielezee huo wastani wake pole pole. Nilitaka kuusikia tena, safari hii nikiwa sina kura mkononi.